Kuandaa Mahubiri Pamoja na Watu wa Kanisa



Leo twataka kunena nanyi juu ya kazi ambayo watu wote huiona ikiwa imekwisha kutendeka, walakini wachache sana huiona ikitendeka. Siku ya Jumapili kengele hulia, watu huketi, na mhubiri hupanda mimbarani akaanza kusema. Maneno yale ameyapata wapi, na ameyapata lini, hapana aulizaye. Wengi hudhani ya kuwa ni shauri lake yeye na Mungu wake, na taa yake, na kitabu chake, usiku wa Jumamosi. Sisi twasema si hivyo, wala haifai iwe hivyo. Mahubiri ni kazi ya kanisa zima, na mahali ambapo kazi hii imeachiwa mtu mmoja peke yake, wanaopata hasara ni wale wanaosikiliza.

Twajua kwamba baadhi yenu mmekwisha kunong'onezana, "Je, kundi limfundishe mchungaji?" Subirini kidogo, neno hilo tutalifikia.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Katika lugha yetu neno hubiri ni jamaa ya neno habari. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Na desturi ya habari kwetu yajulikana. Mgeni afikapo nyumbani hamwagi habari zake mlangoni. Hupiga hodi, hukaribishwa, hupewa kiti. Huulizwa habari za atokako, naye huuliza habari za wenyeji, watoto, wagonjwa, mifugo na mvua. Yakiisha hayo ndipo anapotoa lililomleta. Mgeni aanzaye kunena shauri lake kabla hajauliza habari za nyumba, watu humsikiliza kwa adabu, lakini moyoni humwona kuwa hakulelewa. Basi wahubiri wangapi hupanda mimbarani kila Jumapili na kutoa habari pasipo kuuliza habari!

Ndugu zetu Wakatoliki nao huyaita mahubiri ya Misa homilia, neno la Kiyunani ambalo asili yake ni maongezi ya watu walio pamoja. Luka, alipoandika juu ya wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, alitumia neno la jamaa hiyo kwa mazungumzo yao njiani. Tena angalieni jinsi Bwana alivyofanya siku ile. Aliwakuta wakizungumza, naye hakuanza kwa kuwafundisha, alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini. Akawaacha waeleze mambo yote tangu mwanzo, mambo aliyoyajua yeye kuliko wao, pamoja na huzuni yao na tumaini lao lililovunjika. Walipokwisha, ndipo akawafungulia Maandiko.

Sisi ambao kazi yetu ni kuwafunza walimu twalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Mwanafunzi wa ualimu, kabla hajaingia darasani, huandika andalio la somo, na swali la kwanza tunalomwuliza ni hili: Watoto hawa wanajua nini tayari? Asipoweza kujibu, andalio lake hurudishwa, hata kama mwandiko wake ni mzuri namna gani. Kwa maana mtu hufundishwa kutoka katika lile alijualo hata kufika katika lile asilolijua. Basi ni ajabu kwamba mwalimu yuyo huyo, akiisha kuwa mwinjilisti wa mtaa au katekista wa kigango, huandaa mahubiri ya watu wazima mia mbili asimwulize hata mmoja wao anajua nini, anaogopa nini, au neno gani la somo lile limempita kando.

Wala hatumlaumu bure. Mwinjilisti wa kijijini ana shamba lake kama watu wengine. Hutembelea wagonjwa, huzika, hufundisha watoto wa ubatizo na wa kipaimara, huandika vitabu vya sadaka, huamua magomvi ya mume na mke. Mchungaji wake ana mitaa mingi, naye hufika kwa zamu. Jumamosi usiku, huku macho yamekwisha kuwa mazito, ndipo afunguapo kalenda ya masomo. Ni nini basi kitakachotoka? Hutoka yale yale: pombe, uzinzi, na uvivu wa kutoa sadaka. Mambo hayo yahitaji kukemewa, hatukatai. Lakini yakiwa ndiyo mwisho wa kila somo, liwe somo la Nuhu au la Pentekoste, watu huyajua kabla hajafumbua kinywa. Wazee husinzia, na vijana hutazama nje. Hata Mtume Paulo, alipoongeza maneno hata usiku wa manane kule Troa, kijana mmoja alilala usingizi akaanguka toka orofa ya tatu. Na sisi sote si mitume.

Njia tunayoisema si ngumu, wala haitaki fedha. Jumatano jioni, au siku nyingine iwafaayo watu, mhubiri huwaita watu saba au wanane. Somo la Jumapili husomwa taratibu mara mbili, ikiwezekana na wasomaji wawili mbalimbali. Mhubiri hanyanyui sauti kulieleza. Huuliza tu: Neno gani limekugusa? Neno gani hukulifahamu? Jambo gani hapa ungelifanya vingine? Kisha hunyamaza, na kunyamaza huku ndiko kazi iliyo ngumu kwa mhubiri kuliko zote.

Tuseme somo ni lile la vibarua katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba alitoka alfajiri akaajiri watu kwa dinari moja ya siku. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na hata saa kumi na moja. Jioni akawapa wote ujira mmoja, na wale wa alfajiri wakanung'unika. Hapa sisi tunatangulia wenzetu wengi, maana Mswahili huzihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, sawasawa na watu wa Biblia. Msomaji wa Ulaya hana budi kuelezwa kwamba saa ya kumi na moja ni karibu na machweo. Mtoto wetu wa darasa la pili huijua: ndiyo saa ya kurudisha mbuzi.

Basi mhubiri, akiwa peke yake na taa yake, atasema nini juu ya somo hili? Yamkini atasema tusione wivu; nalo ni neno la kweli. Sasa sikilizeni jinsi yaendavyo mazungumzo katika kikundi.

"Mwalimu, mimi naomba kuuliza," asema baba mmoja ambaye kazi yake ni kibarua. "Hawa wa saa kumi na moja, mbona walikuwa bado wamesimama?"

"Wewe waonaje, baba?"

"Mimi nimesimama pale njia panda alfajiri nikingoja gari la shamba. Msimamizi huchagua. Huchukua kwanza vijana wenye mikono minene. Kisha huchukua watu wa kwao. Wanaobaki hata jioni si wavivu, Mwalimu. Ni wazee, ni wenye kigugumizi, ni mwenye mguu mbovu. Wavivu walikwisha kwenda nyumbani saa nne."

Watu hucheka, kisha hunyamaza. Na yule mwenye kusoma huangalia tena kitabuni na kuona kwamba ndivyo walivyojibu wenyewe walipoulizwa: ya kuwa hapana mtu aliyewaajiri. Maneno hayo yamesomwa kanisani miaka mingi, wala hakuna aliyeyasimamia.

Kisha mama mmoja, ambaye tangu mwanzo alikuwa amenyamaza, asema, "Dinari ile ni chakula cha nyumba kwa siku. Ukimpa baba robo ya dinari kwa kuwa amefanya robo ya siku, je, watoto wake wana robo ya njaa?"

Hapo mzee mmoja akumbuka aliyosimuliwa na baba yake juu ya mashamba ya mkonge zamani za ukoloni, na kadi ile iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku thelathini. Mtu asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakutiwa alama ya siku ile, hata kama alitoka jasho tangu asubuhi. Ndiyo sababu siku thelathini za kipande zilikuwa nyingi kuliko siku za mwezi. Mwenye shamba wa Injili hana kipande. Yeye hatazami jembe tu, atazama na chungu kilichoko jikoni.

Lakini mambo hayajaisha. Yuko kijana asemaye, "Hayo ni mema, Mwalimu. Lakini kesho yake nani ataamka alfajiri?" Na swali hili lisifukuzwe. Mhubiri mwenye hekima huliandika kama lilivyo, kwa sababu Jumapili watakuwapo watu arobaini wenye swali hilo hilo moyoni, wasioweza kulitamka. Akilitamka yeye mimbarani, watainua vichwa.

Mkutano kama huo hauzidi saa moja na nusu. Mhubiri arudipo nyumbani hana mahubiri bado, ana malighafi. Kazi yake ya kusoma na kuomba haikupunguzwa, pengine imezidi. Ni yeye atakayetafuta habari za dinari, ya kuwa ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku moja. Ni yeye atakayetazama mfano huu umewekwa baada ya maneno gani, na Petro alikuwa ameuliza nini katika sura ya 19. Yule mama alijua njaa ya watoto, lakini hakuyajua hayo; na mhubiri aliyajua hayo, lakini njaa ile hakuifikiri. Ukiondoa mmoja wao, somo hubaki na mguu mmoja.

Vijana wa shule watauliza kama jambo hili ni la jana. Si la jana. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, twasoma ya kuwa watu wenyewe, waume kwa wake, ndio waliomwambia Ezra alete kitabu cha torati. Naye akakisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, na Walawi wakawafahamisha watu maana. Hapo kiu ya watu ilitangulia neno la msomaji.

Na katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, tarehe 19 Juni 1525, Huldrych Zwingli alianzisha katika kanisa kuu la Grossmünster mkutano ulioitwa Prophezei, jina lililotokana na maneno ya Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 14, anapoagiza manabii wanene wawili au watatu na wengine wapime. Kila asubuhi, isipokuwa Ijumaa na Jumapili, wachungaji na wanafunzi walikutana. Sura ilisomwa kwa Kilatini, kisha mwingine akaisoma kwa Kiebrania na kuieleza, kisha mwingine kwa Kiyunani. Waliulizana maana, na jinsi itakavyofaa kuhubiriwa. Mwisho mmoja wao akasimama akaihubiri kwa Kijerumani mbele ya watu wa mji waliokuwa wameingia. Matunda ya kazi ile hayakuwa mahubiri tu. Mwaka 1531 ilichapwa Biblia nzima ya Zürich katika lugha ya wenyeji.

Twaisifu kazi ile, illa tuna neno. Watu wa mji waliingia mwishoni. Mshona viatu wa Zürich alisikia yaliyopatikana, wala hakuulizwa yaliyo kwake. Kwa macho yetu mlango ule ulifunguliwa nusu.

Nusu hiyo nayo iliwatisha wengine. Katika Uingereza, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, makasisi wengi hawakuweza kuhubiri. Walisoma tu mahubiri yaliyochapwa katika vitabu vilivyotolewa kwa amri. Kwa ajili ya kuwasaidia, katika miji kadhaa makasisi walikutana, wakalieleza somo moja kwa zamu, na watu wakisikiliza. Kisha wakasahihishana faraghani. Malkia hakupenda. Alihofu mikusanyiko ambamo watu huzoea kupima maneno ya wakubwa, naye aliona wahubiri watatu au wanne watosha kwa jimbo zima. Akamwamuru Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund Grindal, aikomeshe mikutano ile. Grindal akakataa. Mwezi wa Desemba 1576 alimwandikia Malkia barua ndefu, akieleza kwa heshima kwamba dhamiri yake haimruhusu. Mwaka 1577 Malkia akawaagiza maaskofu mwenyewe, mikutano ikapigwa marufuku, na Grindal akasimamishwa kazi na kuzuiliwa nyumbani mwake. Akafa mwaka 1583 bila kurudishiwa mamlaka yake kamili. Huyu ndiye mtu aliyepoteza mamlaka ya kiti cha kwanza cha kanisa la nchi yake kwa ajili ya jambo ambalo kwetu hupotea kwa uvivu wa Jumatano jioni.

Kwetu Afrika ya Mashariki hakuna malkia wa kutuzuia, na nyumba imekwisha kujengwa. Maaskofu Wakatoliki, katika mikutano ya baraza lao liitwalo AMECEA mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba kazi ya kanisa iwekwe juu ya msingi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Watu wa nyumba chache zilizo jirani hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, mara nyingi ile ya Jumapili ijayo, na kila mtu hutoa neno lake. Walutheri na Waanglikana nao wana ibada zao za nyumbani. Basi mawazo ya watu yako tayari, yamekwisha kusemwa chini ya mwembe au barazani. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapeleka kwa mhubiri kabla ya Jumamosi. Kijana mmoja mwenye daftari aweza kuifanya kazi hiyo, na shule zetu zimejaa vijana wenye daftari.

Sasa yatupasa kusema juu ya hatari, kwa maana ziko, na moja ni kubwa kuliko zote. Katika kikundi watu husema yaliyo moyoni. Mama atasema juu ya mumewe; baba atasema juu ya deni lake. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mhubiri alilichukua neno kama hilo akalipeleka mimbarani, bila kutaja jina, lakini kijiji ni kidogo, na kanisa zima likageuza shingo kuutazama mkeka mmoja. Mtu aliyetendwa hivyo harudi kikundini, na wengine hawarudi kanisani kabisa. Kwa hiyo sharti liwekwe siku ya kwanza, na lirudiwe kila mara: la mtu halitoki nje pasipo ruhusa ya mwenyewe. Mhubiri amwendee faraghani amwulize, "Mama, neno lile ulilolisema, waniruhusu kulitumia?" Akikataa, limekwisha. Mhubiri achukue swali, aache kisa.

Hatari nyingine ni ya mwenye maneno mengi, ambaye hukigeuza kikundi kuwa mimbara yake. Huyu kila kanisa linaye, nasi hatuna dawa zaidi ya kumpa zamu moja na kumshukuru.

Lakini kuwachagua watu kwahitaji uangalifu. Mhubiri akiwaita wazee wa kanisa peke yao atasikia yale yale aliyoyasikia katika baraza. Na wanawake wakiwekwa pamoja na wakwe zao na wazee wao, wengi watanyamaza kwa adabu. Wala kunyamaza kwao si kukubali. Afadhali wakutane mbali mara nyingine, au mama mmoja anayeheshimiwa awaulize na kulileta neno lao. Tena watu wabadilike kila baada ya majuma sita au nane, wasije wakawa kundi la wateule wa Mwalimu. Aitwe na fundi cherehani, na mchunga ng'ombe, na yule kijana akaaye karibu na mlango ili atoke upesi. Huyo wa mlangoni hasa!

Turudi kwa wale walionong'onezana. Wanasema, mhubiri akiwauliza watu, atahubiri yale wayapendayo, na Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu wenye masikio yanayowasha. Onyo hilo ni la haki. Lakini tofauti ipo kati ya kumwuliza mgonjwa aumwa wapi na kumwacha achague dawa. Mganga asiyeuliza si hodari kuliko aulizaye. Na kwa kweli tumeona kinyume cha hofu hiyo: mhubiri aliyewasikiliza watu wake Jumatano huthubutu Jumapili kusema neno kali kuliko alilozoea, kwa kuwa ajua linapompata nani, na watu hulipokea kwa kuwa wajua hakuwatupia mawe toka mbali.

Atakayependa kujaribu, na aanze na somo fupi, kama lile la mwanamke aliyepoteza shilingi moja katika kumi, Luka sura ya 15. Awaulize akina mama jinsi sarafu inavyotafutwa katika nyumba yenye giza, na kwa nini mwanamke yule aliwaita majirani wake wote kwa ajili ya shilingi moja tu, maana karamu yenyewe yaweza kula zaidi ya hiyo shilingi. Asiwajibie. Na Jumatano inayofuata, kabla ya kufungua somo jipya, awaulize watu wale wale walisikia nini Jumapili. Si kama walipendezwa, bali walisikia nini. Aandike majibu yao kando ya andalio lake, neno kwa neno, hata yale yasiyofanana na aliyoyasema.